Mtihani wa Kunyamaza

Barua ilikuwa na mistari minne tu, na Everlyne Achuka aliisoma mara sita, maana hakuamini kwamba mtu anaweza kuitwa mwizi kwa mistari minne. Ilianza kwa shukrani. Makampuni yana tabia hiyo: yakitaka kukupiga teke, kwanza hukupigia makofi. Walimshukuru kwa muda wake, wakamsifu kwa bidii yake, kisha wakamwarifu kwamba mfumo wao wa uangalizi umebaini alisaidiwa na mtu wa pili katikati ya mtihani, na kwa hiyo ombi lake la kazi limefungwa. Mstari wa nne ulimtakia kila la heri.

"Nimesaidiwa?" aliuliza kwa sauti, ingawa chumbani hamkuwa na mtu. "Nimesaidiwa na nani?"

Halafu akakumbuka. Alitaka kucheka, lakini kicheko kiligeuka njiani kikawa kitu kingine, akaivurumisha kalamu aliyokuwa nayo ikagonga ukuta na kuvunjika.

Huyo mtu wa pili alikuwa mzee Ekuam, baba yake mkubwa, mwenye miaka sabini na kitu, mfugaji wa mbuzi huko Leparua tangu alipostaafu ubawabu mjini, ambaye simu yake ya vibonye hubonyezewa na wajukuu kwa sababu macho yake hayazioni tarakimu. Ati huyo ndiye aliyemnong'oneza Everlyne namna ya kuandika programu za kompyuta.

Tuanze mwanzo, tusije tukaonekana tunamtetea kwa sababu ni wetu. Everlyne alikuwa na miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Kambi Garba, mhandisi wa programu kwa kusomea na kwa kazi. Miaka mitatu alikuwa ameandika programu za watu wengine ndani ya chumba cha kupanga hapo Bula Pesa, mjini Isiolo. Mtu wa Nairobi anapewa kazi na mteja, anammegea Everlyne ile sehemu ngumu, na kazi ikiisha jina linaloandikwa ni la yule wa Nairobi. Alikuwa amechoka kuwa mikono ya watu. Ndipo ikatokea kampuni hii, ambayo jina lake tuliache, ikitangaza kwamba inamtaka mhandisi wa kudumu, naye atafanya kazi akiwa popote alipo. Popote! Wenzake wote aliosoma nao walikuwa wamehama ndipo wakaajiriwa. Yeye angeajiriwa akiwa Isiolo, akae na watu wake, na kazi yake ibebe jina lake. Hicho ndicho alichokitaka, na alikitaka mpaka chakula kikampitia kooni kama mchanga.

Intavyuu zilikuwa nne. Katika ya kwanza aliulizwa habari zake, na katika ya pili akahojiwa mambo ya kitaalamu na mabwana wawili wasiotabasamu. Zote akapita. Ya tatu ilikuwa mtihani wa dakika tisini: unapewa programu mbovu, unautafuta ugonjwa wake na kuutibu, huku kamera ikikutazama usoni na maikrofoni ikikusikiliza. Upande wa pili hakuna binadamu. Kuna programu nyingine inayolinda, na hiyo ndiyo inayoamua kama wewe ni mwaminifu.

Ugonjwa wenyewe ulimfurahisha. Programu ilikuwa ya maduka kuagiza dawa, na kila mtandao ulipokatika katikati, oda moja ilitumwa mara mbili. Wengine wangekuna vichwa siku nzima. Lakini mtu anayeishi na mtandao wa Isiolo, ambao hukatika upepo ukikohoa, hahitaji kuambiwa jambo kama hilo linatoka wapi. Kufikia dakika ya arobaini alikuwa ameshaiona kasoro ilipojificha na ameanza kuitoa. Hapo mlango ukafunguliwa.

Mzee Ekuam hakubisha hodi, kwa sababu kwake nyumba ya mwanao haibishwi hodi. Aliingia na fimbo yake na kigoda chake, akasimama katikati ya chumba, akaanza kusalimia.

Salamu za mzee wa Kiturkana si za kupungiana mkono. Yeye huuliza nawe hujibu, anauliza tena nawe unajibu. Amani ipo? Ipo. Mwili uko vipi? Majirani wako vipi? Watoto wao? Mvua imefika huku? Jana mlikula? Huwezi kuruka swali, na huwezi kumwambia mtu aliyekulea tangu baba yako afariki ukiwa darasa la pili kwamba angoje kwanza umalizane na mashine. Everlyne alijibu yote. Alijibu akiwa ameikodolea skrini macho, vidole vikiendelea kuandika, na hilo peke yake lilikuwa utovu wa adabu ambao mzee aliumeza bila kusema. Salamu zilichukua dakika tatu na nusu. Kisha mzee akaketi kwenye kigoda chake, akajimiminia chai kutoka kwenye thamosi, asitoe tena neno mpaka kazi ilipokwisha, dakika kumi kabla ya muda.

"Umeshinda?" akamuuliza kwa Kiturkana, lugha yao ya siku zote.

"Nimeshinda, baba."

Basi huo ndio wizi wake wote.

Alimpigia simu mtu aliyeitwa Mworia, ambaye ndiye aliyesimamia uajiri katika kampuni hiyo. Mworia alikuwa na sauti laini ya mtu anayeuza bima.

"Everlyne, pole sana. Najua inauma."

"Sijapiga kuambiwa pole, Bwana Mworia. Nimepiga kukuambia huyo alikuwa baba yangu mkubwa na alikuwa ananisalimia."

"Dakika tatu na nusu?"

"Ndiyo. Na siku hiyo alikuwa na haraka."

Mworia alicheka kidogo, cheko la adabu, kisha akaeleza kwamba haikuwa mashine peke yake iliyoamua. Mashine ilisikia sauti mbili, moja ikiuliza na nyingine ikijibu, kwa utaratibu, kama watu wanaopitia orodha. Kampuni ikaona isimwonee mtu, ikaipeleka ile sauti kwa mfasiri. "Na si mfasiri wa mbali," alisema kwa fahari. "Ni mtu wa hapohapo Isiolo. Fomu yake niko nayo hapa. Ina visanduku vitatu: mazungumzo yanahusu mtihani, hayahusu mtihani, haijulikani. Ameweka alama kwa haijulikani. Sasa sheria yetu inasema isiyojulikana inahesabiwa kama inayohusu."

"Kwa hivyo lugha yangu msipoijua, mimi ni mwizi."

"Usiichukue hivyo. Hata mimi natoka huko karibu, kwetu ni Nkubu. Nawaelewa nyinyi."

Kuna maneno yanayompandisha mtu hasira kuliko tusi, na hilo la "nawaelewa" ni mojawapo. Everlyne alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, akavaa viatu akatoka.

Isiolo si mji wa kumficha mtu. Wanaosikiliza sauti za mtandaoni kwa ujira hapo mjini wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kati yao ni mmoja tu angethubutu kudai anajua Kiturkana. Huyo ni Kiugu, Mmeru aliyekulia Kambi Garba, nyumba ya pili kutoka kwa akina Everlyne, ambaye siku hizi ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Watu wa Isiolo wana ugonjwa huu, tuseme ukweli: kila mmoja anajua lugha ya kila mmoja. Mtu akishajua kusema njoo, lete maji na matusi mawili, basi amehitimu. Kiugu, alipojiandikisha kazi hiyo ya sauti, alijaza Kimeru, Kiborana, Kisomali, Kisamburu na Kiturkana, na mkono haukumtetemeka.

Kikulacho ki nguoni mwako, Everlyne alijiambia njia nzima, na kila alipolirudia neno hilo alikaza mwendo.

"Kiugu. Wiki iliyopita ulipewa sauti ya mzee na msichana wanaongea Kiturkana."

Kiugu aliweka bisibisi chini. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakainua macho. "Hiyo ni siri ya kazi, Eve."

"Msichana ni mimi."

"Ai!" Kiugu alishika kichwa. "Haki sikukutambua. Hizo sauti huwa wanazikoroga kwanza, ni kama mtu anaongelea ndani ya debe."

"Na salamu je? Salamu pia waliikoroga? Umekula kwetu tangu tukiwa na meno ya maziwa. Kila ukiingia, mzee Ekuam alikuwa anakusalimia hivyo hivyo, maneno ni yale yale. Wewe ulikuwa unamjibu nini?"

Kiugu alitazama wateja, akatazama simu iliyofunguliwa tumbo mbele yake. "Nilikuwa nasema tu ejok, ejok," alisema polepole. "Nzuri, nzuri. Na mzee anafurahi. Mimi sikuwahi kujua anauliza nini."

Miaka kumi na zaidi, mzee wa watu alikuwa akimuuliza mtoto wa jirani kama mama yake amepona, kama wamelala na njaa, na mtoto anajibu nzuri, nzuri.

"Si ungeandika hujui?"

"Nikiandika sijui wananitoa kwa hiyo lugha, na kazi ya Kiturkana ndio huja sana. Nikaona hiyo haijulikani ni kama kusema ukweli bila kujichoma. Sikujua inafungia mtu, Eve."

"Unajua kile kimenifungia? Ni aibu yako. Uliona heri mimi niitwe mwizi kuliko wewe uitwe mtu hajui Kiturkana!"

Alisema hayo kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwa wauza nyanya. Kiugu alivuta laptopu yake, na Everlyne akasimama nyuma yake kama polisi, akimfasiria ile sauti neno baada ya neno: hapa anauliza amani, hapa anauliza mvua, hapa anauliza kama nimekula. Kiugu aliandika yote, akamalizia kwa kukiri kwamba yeye Kiturkana hakijui ila kwa kubahatisha, akayatuma kwa kampuni. Kwa hilo tumpe haki yake. Kesho yake jina lake liliondolewa kwenye orodha ya lugha zote tano.

Baada ya siku mbili Mworia alipiga simu. Kampuni, alisema, ilikuwa imetafakari na imeamua kumpa nafasi nyingine. Mtihani mpya, Alhamisi, saa nne asubuhi. Mlango uwe umefungwa na asiingie mtu. Neno lolote likimtoka mdomoni, hata moja, kwa lugha yoyote, mtihani umekufa na hakuna rufaa. "Na safari hii mashine itapumzika. Nitakuangalia mimi mwenyewe."

"Kwa hivyo mmekubali mlikosea."

"Tumekubali kukupa nafasi nyingine."

"Hiyo si kitu kimoja."

"Everlyne, unataka kazi ama unataka kuombwa msamaha?"

Alitaka vyote viwili. Lakini alijua ni kipi alichokitaka zaidi, na kwa kulijua hilo alimchukia Mworia maradufu. "Nitafanya," akasema.

Wahenga walisema hasira hasara. Everlyne alikuwa akiona siku zote kwamba wahenga walitunga hilo ili wanyonge wasiwapigie wakubwa kelele. Basi hapa ndipo wahenga walipomshinda. Ile hasira ambayo haikuweza kumfikia Mworia ilitafuta mtu wa karibu, kama hasira zote zifanyavyo. Alimpigia simu Ewesit, mwana wa mzee Ekuam, mwendesha bodaboda anayelala Leparua na kushinda mjini. Ingetosha aseme, mwambie baba Alhamisi nina kazi. Angesema hivyo, hata sisi tusingekuwa na la kusimulia.

"Mwambie baba Alhamisi narudia mtihani, asionekane kwangu," alisema. "Mwambie mdomo wake ndio umenifungia mlango wa kazi."

Ewesit akauliza, "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Na Ewesit, mtu mwaminifu, aliupeleka ujumbe kama ulivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Alhamisi ilipofika Everlyne alifunga dirisha, akasukuma komeo la mlango, akaketi. Kwenye pembe ya skrini uso wa Mworia ulikuwa umetokea, mdogo kama stempu, na kikombe cha kahawa mkononi. Safari hii programu mbovu ilikuwa ya foleni ya hospitali: wagonjwa waliofika mwisho walikuwa wakiitwa kwanza. Everlyne aliichukia na kuipenda papo hapo. Alizama ndani yake. Nusu saa ilikatika, ikaingia dakika ya hamsini, na alikuwa ameshaelewa kosa lilipo na namna ya kulirekebisha, alipoisikia fimbo ikigonga mlango.

"Achuka," sauti iliita nje. Nyumbani hakuna aliyemwita Everlyne.

Mdomo wake ulifunguka wenyewe. Kwenye skrini Mworia aliinua kidole akakiweka kwenye midomo yake.

Mzee hakuzoea mlango uliofungwa mchana. Aliusukuma, ukagoma, akasubiri, kisha akaanza kuongea akiwa hukohuko nje. "Achuka, nimeletewa neno kwamba mdomo wangu umekufungia mlango. Mimi sikujua. Lakini mdomo uliofunga ndio unaofungua. Nilitoka mapema nikufikie kabla hujaanza, tairi la pikipiki ya Ewesit likatoboka njiani. Nimekuja na maji ya kukubariki."

Hapo Everlyne akaelewa alichokifanya. Mzungu, karani, Mworia, mtu yeyote wa aina hiyo angesikia ule ujumbe kuwa usije. Mzee wa Kiturkana akiambiwa na mtoto wake kwamba mdomo wake umeharibu jambo, na akatajiwa na siku ambayo jambo hilo litaanza upya, haambiwi asije. Anaitwa. Anaitwa aje kuondoa alichokiweka, na asipokuja ndipo atakuwa baba mbaya. Everlyne alilijua hilo tangu utotoni. Hasira ndiyo iliyomsahaulisha.

Na baraka ya Kiturkana haisemwi na mtu mmoja. Mzee hutamka, anayebarikiwa huitikia, na ni itikio ndilo linaloifanya ishike. Isipoitikiwa, ni mzee anaongea na upepo.

"Ubaya umekwenda?" mzee aliuliza pale mlangoni.

Itikio ni neno moja: umekwenda. Hata mtoto wa miaka mitatu hulijua.

Mzee alisubiri.

"Ubaya umekwenda?"

Everlyne aliandika. Hakuwahi kuandika kwa kasi namna hiyo. Kila herufi aliipiga kama anaizaba kofi. Mworia alikuwa ameinama karibu na kamera yake, akimtazama midomo.

"Mlango umefunguka?"

Umefunguka, baba. Umefunguka. Aliuma midomo mpaka akaonja chumvi ya damu. Neno moja tu na miaka mitatu ilikuwa inarudi kule kule, kwa mtu wa Nairobi na sehemu ngumu. Alimchukia Mworia na kidole chake. Akaichukia kampuni, akamchukia Kiugu na ejok zake. Na kwa kitambo kifupi, tusimfiche, alimchukia pia yule mzee pale nje, kwa nini asiondoke, kwa nini alikuwa na upendo wa kupiga kelele namna ile.

"Mlango umefunguka?" mzee alirudia, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mtu anayemuuliza mgonjwa.

Ikasikika sauti nyingine uani, ya mama Gacheri mwenye nyumba. "Mzee, unatafuta msichana? Ako ndani. Nimemwona asubuhi akifunga. Gonga kwa nguvu."

Mzee hakugonga. Hapo Everlyne alijua kwamba mpaka wakati ule mzee alikuwa akidhani labda hayupo. Sasa alijua yupo. Ikasikika sauti ya maji yakipulizwa kwa mdomo, mara moja, na matone machache yakapenya chini ya mlango yakalowesha saruji. Kisha fimbo ikaanza kwenda, polepole, kwenye changarawe.

"Vizuri sana," alisema Mworia kwenye spika. "Endelea."

Aliendelea. Tusiseme uongo kwamba mikono ilimtetemeka akakosea. Hakukosea hata nukta. Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili wagonjwa wote walikuwa kwenye foleni yao, wa kwanza akiwa wa kwanza, na Mworia alipojaribisha programu mara tatu ikampa majibu sahihi mara tatu, akatabasamu.

"Umepita, tena vizuri kuliko wote. Ile intavyuu ya nne ni kusalimiana tu na wakubwa, usiwe na wasiwasi. Jumatatu utapata barua." Akanywa kahawa yake. "Na hapo kwa mlango umenifurahisha. Juzi kuna kijana mama yake alimwita tu, akaitika. Tukamtoa. Wewe uko na nidhamu. Hao ndio watu tunataka."

"Unajua alikuwa anasema nini?"

"Hapana. Na hiyo ndiyo nzuri, sikuhitaji kutafuta mfasiri."

Alikuwa na matusi tayari, ya lugha nne, yamejipanga kooni kila moja likisukuma lenzake. Angeweza kuyatoa yote. Mtihani ulikuwa umekwisha, mdomo ulikuwa umerudishiwa uhuru wake. "Asante," akasema, na hakuna neno alilowahi kulitamka likamchefua kama hilo.

Aliifunga laptopu, akavuta komeo, akatoka mbio bila viatu. Mama Gacheri alimwita akiwa na beseni la nguo, hakumjibu.

Alimkuta mzee kwenye njia panda, pale bodaboda zinapoegeshwa, ameketi kwenye kigoda chake kando ya wanawake wanaouza ndizi. Ewesit alikuwa amechuchumaa akimalizia kuziba pancha. Kibuyu kidogo cha maji kilikuwa kwenye mapaja ya mzee. Everlyne alisimama mbele yake akihema, na mbele ya waendesha boda na wauza ndizi na kila aliyekuwa na macho, akaitikia kwa Kiturkana, kwa sauti kubwa:

"Umekwenda, baba! Ubaya umekwenda! Umefunguka!"

Watu waligeuka. Ewesit aliinamia gurudumu kana kwamba limeanza kusema naye. Mzee Ekuam alimtazama Everlyne kwa muda, kuanzia miguu isiyo na viatu mpaka kwenye mdomo wenye damu. Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo Everlyne angejua la kufanya, maana wiki hizo mbili hakuna kitu alichokifahamu kama hasira.

"Nilikuwa nimefungiwa, baba. Wangenisikia wangenitoa. Neno moja tu wangenitoa."

Mzee aliinuka taratibu, akaziba kibuyu chake, akakikabidhi kwa Ewesit. Kiswahili alikuwa nacho, kile cha getini, alichokitumia miaka ishirini na miwili akiwafungulia wakubwa geti la ofisi ya serikali. Nyumbani hakukigusa. Kwake kilikuwa lugha ya kusemea na mtu ambaye si kazi yako kumuuliza kama amekula.

Akavua kofia yake.

"Habari ya kazi, madam?" akamwambia Everlyne kwa Kiswahili.

Alisema kwa adabu kabisa, bila kejeli, akiwa amesimama wima kama mabawabu wanavyosimama mbele ya gari linaloingia.

"Nzuri," Everlyne akajibu.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akachukua kigoda chake na kupanda nyuma ya Ewesit. Pikipiki ikawaka. Everlyne alikuwa bado amesimama pale, mdomo wazi, akingoja aulizwe swali la pili.